Gramafoni Inakoroma, Inakwaruza au Imenyamaza: Dalili na Tiba kwa Wenye Santuri za Zamani, Nakuru hadi Kisumu

Gramafoni nyingi za kutia ufunguo zinazofika kwa mafundi wa huku kwetu hazikuharibiwa na uzee. Ziliharibiwa na mtu aliyetaka kusaidia. Kuna aliyepulizia mota dawa ya kulegeza kutu, kuna aliyechonga sindano kwa msumari, na kuna aliyepangusa santuri za babu kwa spiriti zikang'ara kwa dakika moja kisha zikafa. Kwa hiyo hapa tunaanza na yale yasiyoweza kudhuru, na bisibisi inangoja zamu yake.

Mpangilio ni wa dalili, kwa sababu mwenye mashine hasikii chanzo, anasikia mlio. Chini ya kila dalili, sababu ya kwanza ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Usiruke moja kwenda ya nne.

Kabla ya dalili yoyote, fanya mambo matatu:

1. Weka sindano mpya, mpya kweli. Iliyotumika mara moja si mpya.
2. Tia ufunguo hadi uhisi springi imeanza kuwa ngumu, kisha acha.
3. Pima kasi. Bandika kipande cha karatasi pembeni mwa sinia inayozunguka, weka santuri, shusha sindano, kisha hesabu mara ambazo karatasi inapita kwa nusu dakika. Kwa santuri za 78, yaani za mizunguko 78 kwa dakika, unatakiwa kupata mizunguko 39. Hesabu santuri ikiwa inacheza, maana sinia tupu hukimbia zaidi.

Nusu ya malalamiko huishia hapo.

SAUTI INAKWARUZA, NA SANTURI INAACHA VUMBI JEUSI

Sindano iliyochakaa. Hii ndiyo sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Sindano ya chuma ya gramafoni ni ya kupiga upande mmoja wa santuri, basi. Wengi hawaamini, wanadhani ni ujanja wa wauza sindano. Sababu imo ndani ya santuri yenyewe: ile lakiri, utomvu wa wadudu wanaofugwa kwenye miti ya India, ilichanganywa na unga wa mawe ili ncha ya sindano isagike kidogo na kuchukua umbo la mfuo, ule mfereji mwembamba wenye muziki. Upande mmoja ukiisha, ncha imeshapata kingo mbili kali. Ukiishusha kwenye santuri nyingine, haisomi tena mfuo, inauchonga. Lile vumbi jeusi ni muziki wako.

Sindano isiyo yake. Sindano za cherehani, misumari midogo na pini za nguo zote zimejaribiwa huku. Hakuna hata moja yenye ncha inayoingia vizuri kwenye mfuo wa 78. Mwiba ni habari nyingine. Uingereza ya miaka ya 1930 iliuza sindano za miiba na za mianzi kwa watu waliotaka kuzilinda santuri zao, kwa hiyo anayejaribu mwiba wa mgunga hajachanganyikiwa. Ila ujue mambo mawili: mwiba hunolewa kila baada ya upande mmoja, na kwenye santuri yenye sauti kubwa ncha hukatika katikati ya wimbo. Kama huna subira ya kunoa, nunua sindano za chuma kwenye kopo. Zile zilizoandikwa kuwa za sauti ya wastani zinafaa karibu kila kitu.

Santuri si ya mashine hii. Hapa ndipo Kisumu inapopoteza mali nyingi kuliko mahali pengine. Santuri ndogo za 45 za benga, za kina D. O. Misiani na wenzake, ni za vinili. Mkono wa gramafoni ya ufunguo hukandamiza sindano kwa uzito unaozidi gramu 100, ilhali kifaa cha kisasa cha kuchezea vinili hukandamiza kwa gramu chache tu. Mfuo wa vinili nao ni mwembamba mno kwa sindano ile. Ukicheza mara moja tu umeshaharibu, na hakuna fundi wa kurudisha kilichochongwa. Chunguza pia 78 za miaka ya mwisho: baadhi zilitengenezwa kwa vinili japo kasi ni ileile. Santuri ya lakiri ni ngumu, nzito, na ukiigonga kwa ukucha inalia kama kigae. Ikipinda kidogo mkononi, hiyo ni vinili, iweke kando isubiri mashine ya umeme.

Uchafu. Tutaufikia kwenye sehemu ya santuri.

Santuri imeisha. Iinamishe chini ya taa. Mifuo yenye afya hung'aa nyeusi, iliyolika huwa ya kijivu, hasa pale palipo na sauti za juu. Kijivu hakioshwi. Sindano ya sauti ndogo hupunguza mkwaruzo kidogo, lakini usitarajie makubwa.

Wapo wanaoleta santuri ambayo sindano inateleza juu yake bila kutoa sauti, au inatoa mnong'ono tu. Tazama unene wake. Santuri za Edison huwa na unene wa karibu milimita 6, na mfuo wake husoma juu-chini, si kushoto-kulia. Za zamani za Pathé nazo husoma juu-chini. Zote zinataka kichwa cha namna yake. Acha mara moja, kwa sababu kila sekunde ya sindano ya chuma inakwangua. Ukibahatika kupata mtungi wa nta wa fonografu, mashine iliyotangulia gramafoni, ushike kwa kupenyeza vidole viwili ndani ya tundu na kuvitanua, usiguse uso wa nje, na usiucheze.

SAUTI NI NDOGO, YA PUANI, AU INATETEMA

Sasa tuko kwenye kichwa cha sauti, lile duara lililo mwisho wa mkono ambalo hushika sindano. Ndani yake mna kiwambo, cha ulanga kwenye mashine za awali au cha alumini kwenye za baadaye. Sindano hutikisa kijiti, kijiti hutikisa kiwambo, kiwambo husukuma hewa kwenye pembe. Hakuna umeme wala kikuza sauti hapo, kwa hiyo popote hewa inapovuja, sauti imevuja.

Kaza kwanza skrubu ya sindano kwa vidole. Ikiwa legevu, hutema mlio wa nyuki kwenye kila noti kubwa. Kisha gusa vitu vilivyo karibu, kama mfuniko, kikombe cha sindano na bawaba. Mara nyingi kinachotetema kiko nje ya kichwa kabisa, na ukikibonyeza kwa kidole wakati santuri inacheza, mlio unakoma.

Halafu angalia kama njia ya sauti iko wazi. Huku Nyanza na Kakamega kuna fundi asiyeitwa, naye ni nyigu wa udongo. Mashine ikikaa wazi kwenye veranda, anajenga ndani ya mkono au kwenye mdomo wa pembe, na sauti inakuwa ya mtu aliyezibwa kwa blanketi. Toa kichwa cha sauti, piga tochi ndani ya mkono. Ukiona udongo, utoe kwa waya uliofungwa kitambaa mwishoni, taratibu, bila kusukumia ndani zaidi. Kwenye mashine za sanduku pembe imejificha chini ya mota, na kule ndiko mende na panya wanakoweka maskani. Hapo utahitaji kutoa mota, kwa hiyo soma kwanza sehemu ya springi.

Njia ikiwa safi, sababu kuu ni raba. Kiwambo kimekaa katikati ya raba mbili laini, na baada ya miaka 80 raba hizo zimekuwa ngumu hata zinavunjika kwa kucha. Kiwambo kikibanwa na kitu kigumu hakitikisiki, kinapiga kelele. Kubadilisha kunawezekana nyumbani kwa mwenye mikono mitulivu: fungua skrubu za nyuma moja baada ya nyingine, kumbuka mpangilio, toa raba zilizokufa bila kukikwaruza kiwambo, weka za mpira laini zenye unene uleule. Wapo mafundi wanaotumia ile raba nyembamba ya valvu ya baiskeli. Inafaa ikiwa unene unalingana. Ikizidi, kiwambo kinabanwa upya na umerudi ulikotoka. Ukimaliza, tonesha nta ya nyuki kidogo sana pale kijiti kinaposhikana na katikati ya kiwambo, ili hewa isipite. Gundi ya haraka haifai hapo, hugeuka jiwe.

Kiwambo cha ulanga kilichoachana tabaka, au cha alumini kilichobonyea, kitabadilishwa, hakinyooshwi.

SIMAMA HAPA: ukiona nyufa ndogondogo kwenye mgongo wa kichwa cha sauti au kwenye kiungo cha mkono, au chuma kimevimba hadi sehemu hazitoki, usilazimishe. Sehemu hizo zilimiminwa kwa mchanganyiko wa zinki usio safi, nao huoza kutoka ndani, na joto na unyevu huharakisha. Ukizungusha kwa nguvu, kinabomoka mkononi. Fundi mwenye mashine ya kukerezea anaweza kutengeneza kipya cha shaba nyeupe, lakini atahitaji cha zamani kikiwa kizima ili apime.

INAENDA POLE, AU SAUTI INAPANDA NA KUSHUKA

Dereva wa matatu hana haja ya kuelezwa: ndani ya mota kuna spidi gavana. Ni vipande vitatu vya uzito vilivyoshikwa na springi bapa kuzunguka mhimili mwembamba. Mhimili ukikimbia, vinatanuka na kuvuta diski ndogo hadi iguse kipande cha ngozi au felti, na kasi inashuka. Kile kiwiko cha kurekebishia kasi kando ya sinia husogeza tu kile kipande cha kugusana.

Sababu, kwa mpangilio:

Ufunguo haujatiwa wa kutosha. Mashine za kubeba kama HMV 102, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, hutiwa ufunguo kwa kila upande. Wageni wakija na mazungumzo yakanoga, hilo ndilo linalosahaulika.

Sindano butu. Ndiyo, tena. Hukokota mfuo na kuipunguzia mota nguvu, hasa mwanzoni mwa santuri na penye sauti kubwa.

Kiwiko cha kasi kimesogezwa na mtoto.

Gavana imekauka. Ukisikia mlio mwembamba kama wa mbu pamoja na sauti inayoyumba, ile ngozi ya breki inataka tone moja la mafuta ya cherehani. Tone jingine kila mwisho wa mhimili wa gavana, na jingine kwenye mhimili wa sinia. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi ndani ya miezi. Mafuta ya injini ni mazito mno. Na dawa ya kupulizia inayolegeza kutu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inapenya hadi kwenye kopo la springi, inaosha grisi, halafu inakauka.

Grisi imeganda. Nakuru kuna asubuhi za baridi, na mashine inayoburuta saa 1 asubuhi lakini ikachangamka saa 8 mchana inakueleza ugonjwa wake bila kufunguliwa. Grisi ya zamani imekuwa lami. Dawa yake ni kusafisha mota yote, na hiyo ni kazi ya fundi.

Springi bapa ya gavana imepasuka, au skrubu yake imelegea. Utaona uzito mmoja unacheza tofauti na wenzake. Usiguse gavana springi kuu ikiwa na nguvu hata kidogo. Ukiitoa, hakuna kinachozuia mota tena: gia zinazunguka kwa kasi inayong'oa meno, na kidole kikiwa karibu kinaenda nazo.

Kwa wanaotaka kupima kasi kwa uhakika zaidi: chora au chapisha duara lenye mistari 77 iliyoachana sawasawa, uliweke juu ya santuri chini ya taa ya mirija au balbu ya waya. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo mistari ikionekana kusimama, uko karibu kabisa na 78. Taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha kukuonyesha.

Kuna jambo ambalo si ugonjwa. Santuri za kabla ya katikati ya miaka ya 1920 hazikufuata 78 kwa uaminifu. Mwimbaji akisikika kama mtoto au kama jitu huku mashine ikipima 39 kwa nusu dakika, mashine haina kosa. Sogeza kiwiko hadi sauti iwe ya binadamu.

INAPIGA TEKE, INAKOROMA, AU IMELIA "PAA!" KISHA KIMYA

Teke dogo unalolihisi kwenye sanduku kila baada ya mizunguko kadhaa, na sindano inaruka pamoja nalo, hutoka kwenye springi kuu. Hii ni ukanda wa chuma wa mita kadhaa uliokunjwa ndani ya kopo. Mikunjo yake inatakiwa kuteleza moja juu ya nyingine kwa grisi yenye grafiti. Grisi ikiganda, mikunjo hushikana, halafu huachana kwa mshtuko. Watu husema "imetiwa ufunguo kupita kiasi". Sivyo. Springi nzima haiumwi kwa kujazwa hadi mwisho, na ile iliyogoma baada ya kujazwa ilikuwa imeshagandana zamani.

Unachoweza kufanya wewe: tia ufunguo, iache icheze bila santuri hadi isimame yenyewe, rudia mara chache kwenye siku ya joto. Wakati mwingine mikunjo inaachana na teke linapungua. Likibaki, umefika mwisho wa kazi yako.

Mlipuko mmoja mkubwa na hendeli ikawa nyepesi, springi imekatika. Hendeli inayozunguka bila kukaza hata kidogo, ama springi imekatika ama imechomoka kwenye ndoano yake ya katikati. Hendeli inayokurudia mkononi kwa nguvu, jino la kuzuia limelika: toa mkono, usijaribu tena, maana hendeli hiyo imevunja vidole vya watu.

SIMAMA HAPA, NA HAPA SIBEMBELEZI: usifungue kopo la springi. Hata mashine ikiwa imeisha nguvu kabisa na sinia imesimama, springi ndani ya kopo bado imebanwa ukutani inasubiri nafasi. Ikitoka bila kushikwa, inatanuka chumba kizima kwa sekunde moja, na kingo zake zinakata hadi mfupa. Mafundi wanaojua huvaa glavu nzito na kinga ya macho, huitoa mkunjo kwa mkunjo, na hawafanyi hivyo palipo na watoto.

Fundi gani basi? Si wa simu, wala wa redio. Mtafute fundi wa saa kubwa za ukutani aliyewahi kufungua saa yenye springi, au fundi wa cherehani mwenye umri. Pale jua kali kuna watu wa kukereza chuma ambao ni hodari kwa sehemu zilizovunjika. Muulize swali moja kabla ya kumwachia: "Utaitoaje springi?" Akisema ataipasha moto yote ili ilegee, chukua mashine yako uende zako. Chuma cha springi kikipashwa moto ovyo hupoteza ugumu na hakirudi. Mwisho wa springi iliyokatika karibu na ncha unaweza kupashwa, ukatobolewa na kufungwa upya, lakini ncha tu. Mkumbushe pia kwamba skrubu za mashine za Kiingereza za wakati ule si za milimita. Akilazimisha skrubu ya dukani kwenye tundu la zamani, ameharibu uzi.

Ukimaliza kusikiliza kwa siku, iache mashine iishe nguvu. Springi isihifadhiwe ikiwa imejaa.

SINDANO INARUKA, INARUDIA PALEPALE, AU MASHINE INAJIZIMA

Uchafu kwenye mfuo, mara nyingi kuliko yote. Kisha meza iliyoinama: weka glasi ya maji juu ya sanduku uone. Kisha ufa au mkwaruzo mkubwa. Kisha mkono mzito kwenye kiungo chake, nao hutaka tone la mafuta na si kusukumwa.

Kwa mashine zenye breki ya kujizima, ikizima kabla ya wimbo kuisha, breki imekaa vibaya, isogeze kufuata mwongozo wa aina yako. Isipozima kabisa, tazama santuri. Nyingi za zamani hazina ule mfuo wa mwisho unaokimbilia katikati, na bila huo breki haina cha kuishtua. Zima kwa mkono.

SANTURI ZENYEWE: UKUNGU, WEUPE, KUPINDA, NYUFA

Mashine inatengenezeka. Santuri iliyovunjika ya msanii ambaye nakala zake ni chache imeondoka, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukungu ndio adui wa kando ya ziwa na wa Kakamega. Unaanzia kwenye bahasha za karatasi, unahamia kwenye lebo, kisha kwenye mifuo. Toa santuri nje ya nyumba, funga barakoa, piga mswaki kwa brashi laini kufuata mifuo. Choma bahasha zenye ukungu baada ya kupiga picha maandishi yoyote yaliyo juu yake. Halafu osha: maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukizungusha kufuata mifuo. Suuza kwa maji safi. Lebo isilowe. Usiloweke, kwa sababu baadhi zina karatasi ndani, na penye ufa maji huingia na kuvimbisha. Kausha zikiwa zimesimama kivulini.

Spiriti, hapana. Sanitaiza ya mikono, hapana, kwa kuwa nayo ni spiriti. Pombe huyeyusha lakiri. Anayeuza santuri zinazong'aa kupita kiasi, muulize amepangusia nini.

Unga mweupe wenye mafuta juu ya santuri si lazima uwe ukungu. Chungulia tundu la katikati: ukiona alumini, na lebo imeandikwa kwa mkono au kwa taipu, umeshika santuri iliyokatwa moja kwa moja studioni au kwenye kituo cha redio. Weupe huo ni mafuta yanayotoka ndani ya utando wake, ambao baadaye hupasuka na kubanduka. SIMAMA. Usioshe, usicheze, sindano ya chuma isiikaribie. Huenda ikawa nakala pekee iliyopo.

Santuri iliyopinda ilikaa kwenye gari au kwenye dirisha. Lakiri hulegea kwa joto ambalo gari lililofungwa Kisumu hulifikia kabla ya chakula cha mchana. Kupinda kidogo, icheze hivyohivyo. Kupinda sana, wapo wanaoilaza katikati ya vioo viwili kwenye jua la asubuhi kisha wakaipoza kivulini ikiwa bado imebanwa. Inafaulu mara nyingine, na mara nyingine inapasuka. Jaribu kwanza na santuri usiyoijali. Oveni, usithubutu.

Ufa uliofika ukingoni hauzuii kucheza mara moja kwa ajili ya kunakili, ikiwa kingo zimelingana, na kwa mashine nyepesi ya umeme. Kwenye gramafoni ya ufunguo, ule uzito utamaliza kazi. Vipande vilivyoachana vihifadhiwe kwenye bahasha moja, bila gundi.

Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, zimebanana kiasi, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. Rundo la kulala huivunja ya chini.

Na usitupe za kigeni. Kabati la mzee lenye Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, lebo za Jambo kutoka Nairobi, na muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani katikati yake, halikuchanganyika kwa bahati mbaya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakimwimba Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilifika kwao kwa santuri. Kwa hiyo kabla ya kutenganisha "za kwetu" na "za wazungu", andika kwenye daftari zilikaa pamoja kwa nani, kijiji gani, na zilinunuliwa wapi kama familia inakumbuka. Maelezo hayo hayachapishwi kwenye lebo.

REDIO-GRAMU YA UMEME: REDIO INALIA, SANTURI HAISIKIKI

Redio-gramu ni redio na kichezeo cha santuri ndani ya sanduku moja. Kichwa cha kusomea cha nyingi za miaka ya 1950 kina fuwele ya chumvi ya Rochelle. Unyevu huiua polepole, na joto la nyuzi 55 huimaliza. Kando ya Ziwa Victoria karibu zote zimekufa, na dawa ni kubadilisha kichwa kwa cha kauri. Sinia inayoburuta: gurudumu la raba limekauka, lipanguse kwanza. Mashine iliyotoka Marekani, zaidi ya kutaka volti 110, ilitengenezewa umeme wa mizunguko 60. Kwetu itazungusha 78 kama 65 hata ukiipa transfoma.

SIMAMA kabla ya kuichomeka ukutani kama imelala miaka. Nyaya zake za raba zimekauka, kapasita zake hupasuka, na volti zilizo ndani ya mashine ya valvu, zile chupa za kioo za redio za zamani, zinabaki hata baada ya kuchomoa plagi. Mpelekee fundi anayezijua valvu.

UMENAKILI KWENYE KOMPYUTA, LAKINI SAUTI NI NYEMBAMBA AU INAENDA VIBAYA

Sauti nyembamba yenye mkwaruzo mwingi: umetumia sindano ya LP, yaani ya santuri kubwa za vinili. Ncha yake ni takriban milimita 0.025, ilhali mfuo wa 78 unataka takriban 0.075. Ncha ndogo inakokota sakafu ya mfuo, palipo na uchafu wote. Vile vichezeo vya sanduku la rangi vinavyoandikwa "78" vingi huja na ncha ya LP. Nunua sindano ya 78 ya kichwa chako.

Huna kasi ya 78? Nakili kwa 45, kisha kwenye programu ongeza kasi mara 1.733. Nakili stirio, halafu unganisha pande mbili ziwe moja, na kelele nyingi hupungua. Weka faili la kwanza bila kusafishwa, lile la kusikilizishia watu ndilo usafishe.

Umepakia, likaondolewa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ulinzi wa sauti iliyorekodiwa huisha miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka wa kurekodi. Wimbo wenyewe ni kitu kingine: mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Santuri ya 1955 ya mtunzi aliyefariki 1990 ina sauti iliyo huru na wimbo usio huru hadi mwisho wa 2040. Tafuta familia kabla ya kupakia. Mara nyingi iko umbali wa nauli ya matatu moja, na mara nyingi haijawahi kuisikia santuri hiyo.